Kambale Hazaliwi Topeni

Katika soko lolote la samaki Kanda ya Ziwa, beseni la kambale hujulikana kwa kelele zake. Sato amelala kwenye barafu, sangara ameshakatwa vipande, dagaa wako kwenye sado. Kambale peke yake bado anapiga mkia, saa kadhaa baada ya kutolewa majini. Kwa sababu hiyo watu wamempa sifa ambayo nusu yake ni kweli: kwamba ni samaki wa matope, anaishi popote, hafi ovyo, hahitaji matunzo.

Kazi yangu ni kutotolesha vifaranga wa kambale. Nimeifanya miaka mingi, mashariki ya Mwanza, si mbali na mahali Mto Simiyu unapoingia Ghuba ya Speke, na bado napokea wateja waliokuja na sifa hiyo kichwani. Mtu amechimba shimo nyuma ya nyumba, limejaa maji mazito ya kijani, anataka vifaranga elfu moja leo leo. Namwomba akae kwanza tuzungumze. Kambale anayemfahamu yeye ni mtu mzima. Mimi nashughulika na mtoto, na mtoto wa kambale ana maisha mengine kabisa.

Nianze na huyo mtu mzima, maana sifa zake amezistahili. Kwetu ziwani wengi humwita mumi, jina tunalolitumia pamoja na Waluo, na wataalamu humwita Clarias gariepinus. William Burchell ndiye aliyemwandika katika sayansi mwaka 1822, kutokana na samaki wa Mto Orange kule kusini mwa Afrika. Vitabu vya zamani vya uvuvi vya Afrika Mashariki vilimwita Clarias mossambicus, na wale wa kaskazini na magharibi wakaitwa Clarias lazera, mpaka wataalamu walipopima na kulinganisha wakaona ni samaki mmoja. Yuko kuanzia huko Orange hadi Mto Nile, anavuka hadi Bonde la Yordani na kusini mwa Uturuki. Ni samaki wachache wa maji baridi wenye nchi kubwa kiasi hicho.

Umbo lake kila mtu analijua. Kichwa kipana kilichobapa, kigumu kwa mfupa, mwili mrefu usio na magamba, pezi la mgongoni linaloanza karibu na kichwa na kufika karibu na mkia. Sharubu ni jozi nne. Kwenye kila pezi la kifuani kuna mwiba wenye meno, na huo ndio unaowafundisha adabu vijana wanaokuja kwangu kujifunza kazi. Macho yake ni madogo, hayamsaidii sana kwenye maji ya tope, na wala hayahitaji. Sharubu zinaonja. Ngozi nayo ina vitundu vyenye uwezo wa kuhisi umeme hafifu unaotoka kwenye mwili wa kiumbe kingine, hivyo samaki mdogo kama furu aliyejificha gizani bila kutikisika bado anajulikana alipo.

Anakula nini? Jibu fupi ni kwamba anakula kilichopo: wadudu, konokono, uduvi, samaki wadogo, mbegu zilizoanguka majini, mizoga. Hata vijidudu vinavyoelea, ambavyo jicho la mtu halivioni vizuri, anavichuja kwa vichanuo virefu vilivyo kwenye matamvua. Mike Bruton, mtafiti wa Afrika Kusini aliyechapisha kazi zake juu ya kambale wa Ziwa Sibaya mwaka 1979, aliwaona wakiwinda kwa pamoja, wanawasukuma samaki wadogo kuelekea ufukweni mpaka wakakosa pa kwenda. Wavuvi wetu wa usiku hawakushangaa nilipowasimulia. Mzee mmoja aliniuliza tu kama huyo Mzungu alilipwa kwa kutazama jambo hilo.

Sasa siri ya lile beseni la sokoni. Ukifungua kifuniko cha matamvua cha kambale aliyekufa, nyuma na juu ya matamvua utakuta chumba, na ndani ya chumba vimesimama viungo viwili vyekundu vyenye matawi mengi, kimoja kimeota kwenye upinde wa pili wa matamvua, kingine kwenye upinde wa nne. Ndivyo anavyovutia hewa. Anapanda juu, anameza pumzi moja, anashuka, na damu inayopita kwenye matawi yale inachukua oksijeni kutoka kwenye hewa aliyoibana. Upande wa pili wa kichwa kuna vingine kama hivyo. Maji yakiwa mazuri anaweza kutumia matamvua kwa sehemu kubwa. Maji yakichafuka, yakapungua oksijeni kiasi cha kumuua sato ifikapo alfajiri, kambale anaongeza safari za kwenda juu, basi. Ndiyo sababu anasafirishwa kwenye gunia bichi na kufika hai, na ndiyo sababu usiku wa mvua anaweza kutoka kwenye dimbwi moja na kujiburuta juu ya majani hadi dimbwi jingine, akijisukuma kwa ile miiba ya kifuani.

Lakini uhai huo una mpaka wake, na watu huuvuka kwa kumchanganya kambale na kamongo. Kamongo ana mapafu, na ardhi ikikauka anaweza kujizika, akajifunika kwa ute unaokauka ukawa ganda, akangoja mvua humo. Kambale hawezi. Anachimba kwenye tope na kubaki pale kwa muda wote tope linapokuwa bichi na ngozi yake ina unyevu. Tope likikauka, amekufa. Kila kiangazi naona madimbwi ya pembeni mwa mto yakigeuka kaburi la kambale wakubwa wenye nguvu zao zote. Ndege hufika kabla ya watu.

Huyo ndiye mtu mzima. Sasa fikiria mvua za kwanza.

Ndani ya tumbo la jike mayai yamekwisha kukomaa muda mrefu kabla ya mvua. Joto limeongezeka, chakula kimepatikana, mayai yamejaa, na hapo yanasimama. Hayashuki. Yanaweza kusubiri miezi. Kinachosubiriwa ni maji kupanda na kuingia mahali ambapo jana palikuwa pakavu: majani ya malisho, kingo za mafunjo, majaruba ya mpunga. Mto unapotapika, kambale wanapanda nao kwa makundi, usiku, na mtu aliye na tochi kwenye tuta la jaruba anaweza kuona migongo ikikata maji yasiyofika magotini. Dume hujikunja kukizunguka kichwa cha jike. Wanakaa hivyo kwa muda mfupi, mayai na mbegu vinatoka pamoja, jike anapiga mkia kuyatawanya mayai, nayo yananata kwenye majani. Baada ya hapo wazazi wanarudi kwenye kina. Hakuna kiota wala ulinzi. Sato humlinda mtoto wake mdomoni. Kambale anaukabidhi uzazi wake wote kwa mafuriko.

Na mafuriko yanajua kulea, hilo ndilo jambo ambalo wengi hawalitazami. Maji mapya yaliyotandaa juu ya majani ni ya kina kifupi, jua linayapasha, upepo unayachanganya na hewa. Samadi ya ng'ombe iliyokuwa pale tangu kiangazi inaachia rutuba, na baada ya siku chache vijidudu vya majini vinafumuka kwa wingi, chakula cha ukubwa uleule wa mdomo wa kifaranga. Samaki wakubwa wenye njaa hawajafika bado. Kitanda hicho hakidumu. Kwa majuma machache tu, kambale anapata mahali safi, penye joto, chakula na hewa. Kwa hiyo anayesema kambale huzaliwa topeni hajamwona akizaliwa. Tope linakuja baadaye, akiwa na uwezo nalo.

Kwenye bwawa la kuchimba hakuna mto unaotapika. Jike anaweza kukaa na tumbo la mayai mpaka mayai yaharibike humo humo. Kazi yangu yote, ukiitazama kwa undani, ni kumdanganya samaki huyu kwamba mafuriko yamefika, na udanganyifu wenyewe unafanywa kwa sindano.

Mchana nachagua wazazi. Jike ninayemtaka tumbo lake ni laini, na nikiliminya taratibu kuelekea mkiani yanatoka mayai machache yenye rangi ya kahawia au ya kijani kilichofifia, yote ya ukubwa mmoja. Mayai yaliyochanganyika, makubwa kwa madogo, yananiambia bado. Dume anajulikana kwa kijinyama kirefu kilichochongoka nyuma ya njia ya haja, ambacho kwa jike ni kifupi na cha mviringo. Nafunika kichwa cha samaki kwa taulo bichi, anatulia, napima uzito. Kuanzia hapo wazazi hawapewi chakula, nao wanatengwa mmoja mmoja, kwa sababu wakiwekwa pamoja wanajeruhiana vibaya. Ngozi isiyo na magamba haina ngao.

Homoni ya sindano hiyo inapatikana kwa njia mbili. Ipo ya dukani, inayokuja kwenye chupa ndogo, na ipo ya kienyeji, nami naipenda hiyo ya pili kwa sababu haikwami bandarini. Unamchukua kambale mwingine aliyekomaa, mwenye uzito unaolingana na wa jike, unamchinja, unaondoa taya la chini na kukata mfupa wa paa la mdomo. Chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari, nyeupe yenye wekundu kidogo, isiyozidi punje ya ulezi. Mikono inayotetemeka haifai hapo. Inasagwa kwenye kinu kidogo cha kaure, inachanganywa na maji ya chumvi ya hospitali, yale ya dripu, kisha inachomwa kwenye msuli wa mgongo wa jike, sindano ikiwa imelazwa. Baada ya kuichomoa unasugua kwa kidole ili dawa isirudi nje.

Kinachofuata ni saa na kipimajoto. Maji yakiwa nyuzi 25, mayai huwa tayari baada ya saa kumi hadi kumi na mbili. Yakiwa nyuzi 30, muda unapungua kufikia saa saba hivi. Yakiwa nyuzi 20, unaweza kungoja karibu siku nzima. Maji yetu hapa huwa kati ya nyuzi 24 na 26, kwa hiyo sindano ni jioni na kukamua ni alfajiri. Ukiwahi, mayai hayatoki. Ukichelewa, yanatoka lakini yamezeeka na hayarutubiki. Mashine ya bei kubwa haiokoi kitu hapa. Kinachookoa ni mtu kuamka kwa wakati.

Alfajiri, bakuli linakaushwa kwa kitambaa mpaka lisibaki tone. Tumbo la jike linakaushwa pia. Maji yakigusa mayai kabla ya mbegu, mlango mdogo wa kila yai unafungwa na kazi imeisha. Mkono mmoja unashika kichwa, mwingine mkia, na kidole gumba kinapita tumboni bila nguvu. Mayai yanamiminika. Gramu moja ina mayai kama 700, na jike wa kilo moja aliyetunzwa vizuri anaweza kutoa gramu 150. Piga hesabu mwenyewe. Mtu wa nje akisikia hesabu hiyo hudhani natajirika kila juma. Asubiri nifike kwenye wiki ya pili.

Dume hakamuliki. Maumbile yake hayaruhusu mbegu kutoka kwa kuminywa, hivyo huchinjwa, korodani zinatolewa, zinafutwa damu kwa uangalifu, zinakatwa na kukamuliwa juu ya mayai. Sijawahi kuzoea kuchinja dume mzuri, na nyama yake tunaipika siku ileile kwa heshima. Mbegu na mayai vinachanganywa kwa unyoya wa kuku, kisha maji safi yanatiwa, na hapo unayo dakika moja hivi, kwa kuwa uhai wa mbegu ndani ya maji ni mfupi na mayai yanaanza kunata. Yanamwagwa kwenye chandarua kilichotandazwa ndani ya tangi lenye maji yanayotiririka, tabaka moja tu. Yakirundikana, ya chini yanakosa hewa.

Baadhi ya wenzangu hutumia mizizi ya magugumaji badala ya chandarua, nami nimeitumia. Mizizi ile ina nyuzi nyingi ambazo mayai yanazipenda. Gugu lililoziba mialo yetu miaka ya 1990 na kuwatesa wenye mitumbwi lilimfaa kambale tangu zamani hizo. Chini ya mikeka yake oksijeni ilipungua, sangara hakupapenda, na wavuvi wa sehemu kadhaa za ziwa wakaona kambale na kamongo wakiongezeka kwenye nyavu. Sisemi gugu ni jema. Nasema kambale hutumia alichopata.

Baada ya saa chache mayai yaliyokufa yanageuka meupe, na kuvu huanzia hapo. Yaliyo hai yanaonyesha doa jeusi, na mkia unaanza kutikisika ndani. Maji yakiwa kwenye nyuzi zetu, wanatotoa baada ya siku moja na saa kadhaa. Wanadondoka kupitia matundu ya chandarua, wanakwenda kujirundika kwenye kona yenye giza. Nafunika nusu ya tangi kwa ajili yao. Wana urefu wa milimita chache, hawana sharubu za kuonekana, mdomo haujafunguka, kila mmoja amebeba kifuko cha kiini anachokila kwa siku tatu hivi.

Na hapa ndipo sifa ya samaki asiyekufa inapoporomoka. Vile viungo vyenye matawi havipo. Kifaranga anazaliwa bila uwezo wowote wa kuvuta hewa ya juu. Vinaota taratibu, na kwa kawaida ni katika wiki ya tatu, mara nyingine mapema kidogo, ndipo unapoona tangi zima limeanza kuchemka kwa vinywa vidogo vinavyopanda na kushuka. Kabla ya siku hiyo anategemea oksijeni iliyoyeyuka majini peke yake. Pampu ikizimika usiku, umeme ukikatika na hakuna anayetingisha maji, chakula kikibaki chini kikaoza, asubuhi unazoa tabaka jeupe. Ndiyo maana nacheka, kwa uchungu, ninapoona mtu anauza vifaranga wa siku kumi kwenye ndoo, akimwambia mnunuzi kwamba kambale ni mgumu. Wanaofika hai watakufa kwenye shimo la kijani la nyuma ya nyumba.

Chakula chao nacho ni shida. Unga wa pumba na dagaa, hata ukisagwa vipi, hautoshi kwa mdomo uliofunguka jana. Wanataka kitu kilicho hai na kinachotembea. Wenye mtaji huagiza mayai ya atemia, kidudu cha maji ya chumvi kinachouzwa kwenye makopo. Sisi wengine tunalima vijidudu vyetu: bwawa dogo lililokaushwa, likatiwa chokaa, kisha samadi, kisha maji yaliyochujwa kwa kitambaa, na baada ya siku chache maji yanabadilika rangi. Ni yale mafuriko ya malishoni, ila yamefungiwa. Kifaranga akitoka kwenye tangi akaingia humo anakua mbele ya macho yako. Lakini bwawa liwe limezungushiwa mabati au plastiki, maana chura akiingia kutaga, viluwiluwi watakula chakula chote, na mabuu ya kereng'ende watakula vifaranga wenyewe. Wakipona kufikia nusu nimeshukuru. Mara nyingi hawafiki.

Wanaobaki wanaanza kulana. Ndani ya kundi la ndugu, waliotoka kwa mama mmoja usiku mmoja, wachache hukua haraka kupita wenzao, na tofauti ndogo ya mdomo inatosha. Wakiwa wadogo, mkubwa humshika mdogo mkiani na kumeza mpaka kwenye kichwa, kisha kichwa kinaachwa kwa sababu ni kipana na kigumu. Ukiona vichwa vidogo chini ya tangi, usitafute ugonjwa. Wakipita urefu wa sentimita nane hivi wanabadili mtindo, wanameza mzima mzima kuanzia kichwani, na hapo hata ushahidi haubaki. Unahesabu tu na kuona pengo. Dawa ni kuchambua kwa ukubwa kila baada ya siku chache, kuwalisha kabla hawajasikia njaa, na kuwapunguzia mwanga. Wanatulia gizani.

Chakula cha dukani kina hatari yake pia. Msimu mmoja wateja wangu kadhaa walileta samaki wenye mafuvu yaliyopasuka, ufa juu ya kichwa na ngozi nyekundu kuuzunguka. Kambale asiyepata vitamini C ya kutosha huwa hivyo, kwa kuwa mfupa mpana wa kichwa unakua haraka bila kushikana vizuri. Wote walikuwa wamenunua chakula kwa muuzaji mmoja, magunia yaliyokaa ghalani chini ya bati la moto kwa muda mrefu, na vitamini hiyo haivumilii joto wala kukaa. Muuzaji alisema tatizo ni mbegu yangu. Tuliachana hivyo. Nawashauri watu wasome tarehe kwenye gunia na wanunue kidogo kidogo.

Soko halina neno. Kweli, mahali penye Wasabato wengi, kama huko Mara na kwa jirani zetu wa Kisii, kambale hauziki kwa kila nyumba, kwa sababu hana magamba na kitabu cha Walawi kimekwisha sema. Mashia wengi nao hawamli, kwa kuwa hana magamba. Mmoja wa wanunuzi wangu wa kudumu ni Msabato asiyemwonja kabisa, ila anawauza vizuri sana. Isitoshe, sehemu kubwa ya vifaranga hawaendi kwenye bwawa lolote: wanaishia kwenye ndoano. Wavuvi wa migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoano nyingi, wanataka chambo hai cha kumnasa sangara, na kambale mdogo ndiye anayekaa hai kwenye ndoano kwa saa nyingi kuliko wengine. Wengine huwaweka kwenye mabwawa ya sato ili wapunguze vifaranga wa sato wanaozaliwa kupita kiasi. Kazi hiyo wanaiweza, mradi kambale aingie akiwa mdogo kuliko sato unaotaka kuwavuna.

Biashara ya chambo ndiyo inayonitia wasiwasi. Kwa mwenye mtumbwi, chambo rahisi ni cha bure, na cha bure kinapatikana kwenye kingo za mafunjo msimu wa mvua, kwa kukokota chandarua. Vijana wanazoa kila kitu: kambale wa wiki tatu, furu, kamongo wachanga. Kule ndani ya mafunjo maji ni meusi na oksijeni ni haba, sangara haingii, hivyo pamekuwa kimbilio la samaki wengi ambao ziwani kwenyewe wamekwisha pungua. Bonde hili lina kambale wengine wadogo, Clarias liocephalus na Clarias alluaudi, ambao hawafugwi na mtu. Lilikuwa pia na kambale wa kinani, Xenoclarias eupogon, asiyepatikana popote duniani isipokuwa Ziwa Victoria. Ameorodheshwa kuwa hatarini mno kutoweka, na huenda ameshatoweka.

Kisha majaruba yanasogea. Kila mwaka tuta jipya linapigwa mbele ya la zamani, mafunjo yanachomwa, na maji ya mvua ambayo yangetandaa juu ya majani yanaelekezwa kwenye mfereji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mita hizo 60 wengi wanazielewa kama adhabu kwa mkulima. Kwangu mimi ni chumba cha kuzalia. Naweza kutengeneza vifaranga kwa sindano, lakini wazazi ninaowachoma sindano nawatoa mtoni kila baada ya vizazi vichache, kwa sababu ukizalisha ndugu kwa ndugu bila kuingiza damu mpya watoto hudhoofika. Kituo changu kinakula mtaji wa mafuriko. Mafunjo yakiisha, nami nimeisha.

Kwa hiyo, ndugu unayetaka kufuga, nina maneno machache. Usichukue vifaranga kutoka mtoni, hata ukiambiwa ni imara zaidi. Utachanganya umri na ukubwa na watalana kabla ya mwezi kwisha. Nenda kituoni, kwangu au kwa mwingine. Usianze na bei. Simama kando ya tangi, nyamaza, tazama juu ya maji. Wakiwa wanapanda wenyewe kumeza hewa na kushuka, na wote ni wa kimo kimoja, lipa uondoke nao jua likishapoa. Kama hakuna anayepanda, mwambie mwenye tangi utarudi wiki ijayo, na usikubali kushawishiwa.